Fundo la Kushusha

Mpanda, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba masika yamekwisha kuigusa migomba yetu. Mimi ni mzima. Majenereta ya kambi hii yanakohoa usiku na mchana, nami ndiye mganga wao.

Nakuandikia kwa sababu ulinifundisha kwamba simu ni ya kuulizana bei ya sukari, na neno zito huandikwa. Neno lenyewe ni hili: mpe Baba mdogo Filemon lile ghala la kahawa analoliomba. Ndege yangu niliyokuwa naiunda humo sitaimalizia.

Unaikumbuka siku mkaguzi wa ndege alipopanda Mwika. Nilikuwa nimelivisha bawa la kushoto peke yangu, mlango nimeufunga, nikitaka watu waone kitu kilichokwisha kukamilika. Yule bwana aliweka dole gumba juu ya kitambaa, akabonyeza, nacho kikabonyea kama godoro la bweni. Akashika ukingo, akavuta kidogo; gundi ikaachia, na bawa zima likavuliwa nguo mbele ya ukoo. Baba mdogo akauliza kama jogoo wangu ameanza kunyonyoka. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kwa hiyo, kabla ya msimu wa kahawa, mabomba ya kiunzi yapelekwe Kwa Sadala kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na injini nitamtafutia mtu. Jora la kitambaa cheupe ni jipya. Umoja wa Wanawake wakikitaka kwa kazi yoyote, ni chao. Leseni yangu ya urubani iache kwenye droo ileile. Haina kelele, haitamsumbua mtu.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Fredy


Mwika, 14 Machi 2024

Mwanangu Fredy,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza peke yangu jikoni, na mara ya pili mbele ya Umoja wa Wanawake, Jumatano baada ya somo. Usikunje uso. Mtoto aliyebatizwa mbele ya usharika mzima hana huzuni ya faragha.

Umeagiza ghala liwe wazi kabla ya msimu wa kahawa. Litakuwa wazi. Nimemwahidi hivyo shemeji yangu Filemon mbele ya mashahidi, nawe wajua kwamba katika miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule sikuwahi kutangaza likizo nikaifuta. Hatutaingia humo wewe wala mimi kukuta hata bomba moja limeegemea ukuta. Hilo lihesabu kuwa limekwisha.

Kuhusu kitambaa, Umoja unakushukuru kwa kauli moja. Tumeazimia kukitengenezea hema la Sikukuu ya Mavuno. Mama Sulochana wa duka la vitambaa mjini, ambaye unajua kwamba tangu mumewe Bwana Mohan afariki amekuwa kwangu zaidi ya rafiki, ametuletea meza yake ndefu ya kukatia, pasi ya umeme, na maoni mengi kuliko tulivyoomba.

Nina maswali mawili ya kiufundi, nawe ndiwe fundi pekee niliyemzaa. Hema letu lina kuta mbili, moja huku na moja huko, na katikati yake zimo fito. La kwanza: kitambaa hiki kikipigwa pasi hufanyaje? La pili: tunataka kukifunga kwenye fito kwa uzi, sindano ikipenya kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kurudi. Je, fundo lipi linafaa?

Nimeisoma barua hii mbele ya wajumbe kabla ya kuifunga. Wamecheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho, na wameniagiza nikusalimu.

Mama yako,
Ruth


Mpanda, 24 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Umoja wote unaosikiliza.

Hema halipigwi pasi! Kitambaa kile kikionja moto husinyaa, na kadiri moto unavyopanda ndivyo kinavyozidi kukaza. Mkikipitishia pasi ya moto sawasawa kila mahali, mtapata ngoma badala ya hema. Kama ni makunyanzi tu, pitisheni pasi vuguvugu muache hapo. Na kuta mbili ni za nini? Mnamwandalia Askofu mahali pa kukaa au mnatengeneza jokofu?

Swali la fundo limenifurahisha, maana mwalimu wangu wa mafundo ni wewe. Nilipokuwa mdogo nilikufuata ukipanda kutoka kukata majani ya ng'ombe tambarare, mzigo kichwani mkubwa kuliko mlango. Ukifika zizini hukuinama. Ulivuta mkia mmoja wa kamba, na mzigo ukateremka wenyewe kama ulioambiwa. Mlikuwa mnaliita fundo la kushusha. Hushika maadamu kamba imekaza. Ikilegea, na mkia ukavutwa, huachia lote.

Basi, hema la Jumapili ni la kuvunjwa Jumatatu. Lifungeni kwa fundo la kushusha, na Jumatatu hamtahitaji hata kisu.

Nafurahi kitambaa kimepata kazi. Nilidhani ningeumia kuandika hayo, na kweli nimeumia, lakini si sana.

Mwanao,
Fredy


Mwika, 14 Aprili 2024

Mwanangu Fredy,

Marahaba. Wajumbe wamepokea maelekezo yako na kuyafuata neno kwa neno. Hema limekaza. Ukilipiga kwa kidole linajibu.

Usiniulize kwa nini tulilipiga pasi. Nitakueleza siku yake.

Niruhusu nikueleze jinsi kazi ya kufunga inavyokwenda, maana sijaona kazi iliyotufundisha mengi hivi. Ukuta wa hema tumeusimamisha kwa ubavu wake. Mtu mmoja anakaa upande huu na mwenzake upande ule, hawaonani. Huyu anapenyeza sindano ndefu, yule anaipokea, anaizungusha kwenye ufito, anairudisha. Sasa wewe wajua kwamba Mama Eliona na mkwewe Loveness hawajasalimiana tangu Krismasi, kwa sababu ya lile suala la mtori wa ndizi uliotiwa viungo vya mjini. Mimi, kama mwenyekiti, nikawapanga pamoja.

Siku ya kwanza walipitishiana sindano kimya kama mahakamani. Kisha nikamsikia Eliona: "Wewe wa huko, uko hai?"

"Niko, Mama. Vuta."

"Nimevuta. Mbona uzi wako mlegevu kama mtori wako?"

Halafu ng'ambo ya kitambaa kikatoka kicheko, na Loveness akasema, "Mama, huo mtori ulimaliza bakuli mbili." Tangu hapo hawajanyamaza, na nimelazimika kuwaonya kama wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Mafundo yote yamekamilika, kuta zote mbili, yote fundo la kushusha. Jumamosi tarehe ishirini tutabandika utepe juu ya kila mstari wa mishono na kuupaka rangi ya fedha, jicho la mwanadamu lisiyaone tena.

Ghala linaendelea kufunguka. Shemeji Filemon amechungulia mara moja, nikamkumbusha kwamba ahadi ni ya msimu wa kahawa na msimu haujafika.

Pamoja na barua hii dereva wa basi atakupa kifurushi cha kahawa ya kihambani, shambani kwetu nyumbani, nimeikaanga mwenyewe.

Mama yako,
Ruth


Mpanda, 19 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, kifurushi chako kiko mbele yangu.

Nilivuta mkia wa uzi, kifurushi kikafunguka mara moja, kahawa ikamwagika mezani. Nikabaki nimeushika ule uzi. Mama, huo si uzi wa hema. Ni bapa, una nta, na niliuagiza mwenyewe kutoka mbali kwa kazi moja tu. Nikarudi kwenye barua zako. Kuta mbili. Fito katikati. Sindano inayopenya na kurudi. Pasi. Rangi ya fedha! Nani hupaka hema rangi ya fedha?

Mnavisha ndege yangu.

Na mmezifunga mbavu zake, hizo mnazoziita fito, kwa fundo la kushusha, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Sikiliza, Mama, na uwasomee wote. Bawa linapopaa, upepo unanyonya kitambaa cha juu kutoka kwenye mbavu. Linapotikisika, uzi unalegea na kukaza, unalegea na kukaza. Fundo la kushusha linangoja hilo tu. Ndiyo kazi yake. Litaanza kuachia moja, kisha jirani yake, na kitambaa kitapanda kutoka kwenye mbavu rubani akiwa angani. Mkibandika utepe Jumamosi, si mkaguzi wala si mimi atakayeona kilicho chini yake.

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Najua iko kabatini na vyombo vya wageni. Nimempigia Mama Sulochana dukani, nikamweleza yote. Amesema, "Fredy, acha kupiga kelele, nafunga duka." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia. Barua hii itafika baada ya Jumamosi, lakini siwezi kukaa bila kuiandika.

Msibandike utepe. Nawaomba.

Fredy


Moshi, 21 Aprili 2024

Fredy beta, mwanangu,

Mama yako ameniagiza niandike. Anasema shahidi aandike mwenyewe.

Sijafunga duka mchana tangu mazishi ya Mohan. Mteja alikuwa ameshika kitenge mkononi, nikamwambia achukue, tutaonana. Nikapata teksi mpaka Mwika, na mvua ile, na barabara ile, dereva akilalamika kama mimi ndiye niliyeipanda migomba njiani. Nilifika Ijumaa jioni. Wanawake walikuwa wamekwisha kukata utepe wote, kopo la rangi limefunguliwa ili Jumamosi wasichelewe, na Mama Eliona ana brashi mkononi, anajaribu tone moja pembeni.

Nikasema, "Weka chini hiyo brashi! Fredy anajua!"

Mama yako hakushtuka. Aliniuliza, "Anajua nini, na anasemaje?" Nikaeleza neno kwa neno: upepo unanyonya, uzi unalegea, fundo linaachia. Akakaa kwenye gunia. Mimi nimemjua Ruth miaka mingi, sijawahi kumwona akikaa kabla ya kumaliza kusikiliza.

Kisha Eliona akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, tumeshona ndege ya kubebea majani. Ikifika juu inashusha."

Walicheka, wengine machozi yanawatoka. Kazi ya wiki zote zile! Mmoja akasema tubandike tu, nani ataona. Mama yako akasimama hapo hapo. Akasema, "Fundo lisiloonekana ndilo linalombeba mtoto wa mtu. Tunafungua yote."

Sasa sikiliza ajabu. Mimi nimeuza vitambaa maisha yangu yote, najua kufumua ni kuua nguo. Nilijua watakata uzi kwa mkasi na mkasi utaonja kitambaa. Lakini fundo lenyewe si la kufunguka? Loveness alivuta mkia upande huu, mkwewe akavuta uzi upande ule, shuu, basi. Fundo baada ya fundo. Walikuwa wanapokezana wimbo. Jumamosi mchana mabawa yote mawili yalikuwa wazi, na kitambaa hakina mchubuko hata mmoja, kimekaza vilevile. Fundo lingine lolote lingeharibu kila kitu. Umekosea vizuri, beta.

Uzi mzima upo, nimeuzungusha kwenye kigogo cha jora. Sasa tuambie tufunge vipi.

Kahawa iliyomwagika uliizoa?

Mama Sulochana


Mwika, 24 Aprili 2024

Mwanangu Fredy,

Marahaba. Nimesoma barua yako mbele ya Umoja kama ulivyotaka, nami sasa nakujibu bila hema.

Ulipoandika kwamba kiunzi kipelekwe kwa chuma chakavu, wajumbe walitaka kujua kosa la kiunzi ni nini. Nikaenda ghalani, nikawasha taa, nikakikagua. Sikuona kosa. Niliona kazi ya mtu mmoja iliyohitaji mikono mingi. Kitambaa cha bawa ni kama turubai la arusi: anayevuta kona moja lazima awepo mwenzake wa kuvuta ile nyingine. Wewe ulivuta, ukakimbia upande wa pili ukavuta, ukarudi ukakuta kumelegea. Jambo hilo mwanamke yeyote aliyewahi kukunja shuka na dada yake angekuambia, kama mlango usingekuwa umefungwa.

Tulitumia kitabu chako cha kuundia ndege. Sura ya gundi ipo, sura ya pasi ipo. Sura ya kufunga mbavu imeliwa na mchwa, imebaki michoro ya nafasi kati ya mshono na mshono. Ndipo nikakuuliza kwa fumbo, nikiogopa kwamba ukijua utasema acheni. Fumbo la pasi lilinipa jibu la kweli. Fumbo la fundo lilinipa jibu la kweli pia, lakini kwa swali la uongo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba asiyeuliza wazi hana haki ya kulalamikia jibu. Leo nimelisikia somo hilo likirudi kutoka Mpanda.

Uamuzi wa Umoja ni huu. Hatutafunga mshono mwingine mpaka tuone mkono wako ukiufunga. Tumejaribu kuyafuata maelezo uliyompa Mama Sulochana kwa simu juzi: "pitisha chini, zungusha nyuma, rudi juu ya ule wa kwanza." Kila mmoja ametoa fundo lake, na la Eliona limeshika kidole chake.

Shemeji Filemon amesikia habari yote. Amepita akisema kwamba jogoo amevishwa akavuliwa mara ya pili. Nimemwonyesha kalenda.

Mama yako,
Ruth


Mpanda, 5 Mei 2024

Mama mpendwa, na Umoja wote,

Shikamooni.

Nimekaa na barua zenu mbili siku kadhaa. Nilitaka kuandika kwamba acheni, mmejitahidi, inatosha. Kila nilipoanza sentensi hiyo nilimsikia Loveness akisema, "Vuta."

Sitasema acheni.

Dereva atawapa ufito uliofungiwa kitambaa, na juu yake mafundo manne ya uzi uleule. La kwanza limeanza tu, la pili limefika katikati, la tatu limezungushwa bado halijakazwa, la nne limekamilika. Uwekeni mezani kwa mpangilio huo mkautazame kama mnavyotazama mshono wa nguo ya jirani kanisani. Kisha mfunge kwenye fito, si kwenye bawa, mpaka mkono ulifunge macho yakiwa kwingine. La nne likikazwa halina mkia wa kuvuta. Halifunguki kwa kulegea wala kwa kutikiswa. Likikosewa hukatwa.

Fungeni bawa la kulia. La kushoto niachieni. Nimeomba likizo ya Julai. Nataka kukaa upande mmoja wa kitambaa, na upande wa pili akae yeyote mtakayemchagua, mradi asinitukane mtori wangu.

Na mlango wa ghala uwe wazi.

Mwanao,
Fredy


Mwika, 2 Septemba 2024

Mwanangu Fredy,

Marahaba. Ulirudi kazini kabla vumbi la uwanjani halijatulia, kwa hiyo hukunisikia jana. Mchungaji alinipa nafasi ya kusema neno la shukrani katika Sikukuu ya Mavuno. Nimelinakili hapa, maana wewe uliiona siku ya kuruka ukiwa juu, nami napenda uwe na ile ya chini pia.

Nilisema hivi:

"Ndugu wapendwa katika Bwana. Wengine leo wameleta madhabahuni kahawa, wengine mikungu ya ndizi, wengine maziwa. Umoja wa Wanawake umeleta kipande cha uzi wenye nta. Msikidharau. Nitawaambia kilikotoka.

"Mnafahamu kwamba mwezi wa saba mwanangu alikaa nasi ghalani, akavuta uzi upande mmoja na Mama Eliona upande wa pili. Mnafahamu kwamba mkaguzi alirudi. Alikuwa yuleyule, na dole gumba lilelile. Alilibonyeza bawa la kushoto, nalo halikubonyea. Akagonga kwa ukucha, bawa likalia, na mbwa wa jirani akajibu. Akapita mstari kwa mstari kabla hatujabandika utepe, akavuta kila fundo kwa ndoano yake, na alipofika mwisho akauliza ni karakana gani imefunga kazi hii. Loveness akamjibu, 'Karakana ya Jumatano, baada ya somo.' Akaandika hivyo hivyo, akatia sahihi.

"Mnafahamu pia, maana wengi mlitoka nje kutazama, jinsi mabawa yalivyoshuka mlimani. Lori halikuweza kupita kihambani. Basi tukakunja kata, tukaziweka vichwani, tukaingia chini ya bawa wanne wanne, kama tunavyobeba majani. Tofauti ni kwamba majani hupandishwa, na siku ile mzigo uliteremka. Migomba ilitupisha. Watoto wa shule walisimama kando wakisema shikamooni, nasi hatukuweza kuwaona waliosalimu, tukaitikia marahaba kutoka chini ya bawa.

"Jumamosi iliyofuata, kule tambarare, kwenye uwanja wa nyasi wa shamba la zamani la mkonge, tulitandaza masalia ya kitambaa chini, yamwonyeshe mwanangu upepo unakotoka. Injini ikawaka. Ndege ikaenda, ikaruka kidogo, ikagusa, nami nilisikia wanawake wote wakivuta pumzi kama mtu mmoja. Kisha ikaachana na nyasi. Sikuangalia magurudumu. Niliangalia kitambaa cha juu ya bawa, pale upepo unaponyonya, na nikakiona kimelala juu ya mbavu zake kimya, kimekaza, hakina kunyanzi.

"Alizunguka uwanja, akapita juu yetu, akainamisha bawa la kushoto. Lile lililovuliwa nguo mbele ya ukoo. Shemeji yangu Filemon, aliyepo hapa na amenikubalia nilitaje jina lake, alivua kofia akaishika kifuani. Akasema, 'Shemeji, huyu si jogoo. Jogoo haruki hivi.' Nikamkabidhi ufunguo wa ghala papo hapo, mbele ya mashahidi. Ghala lilikuwa wazi. Niliahidi kwamba litakuwa wazi kabla ya kahawa kuingia, na kila mtu alidhani anajua kiunzi kitatoka kwa njia gani.

"Ndugu zangu, tumekuwa watu wa fundo la kushusha. Ni fundo zuri, lilitulea, limewapumzisha mama zetu shingo, na siku tuliyokosea ndilo lililotuokolea kitambaa. Lakini tumejifunza la pili. Uko mzigo wa kushusha, na uko mzigo wa kushikilia mpaka urudi wenyewe salama. Heri ajuaye ni upi ulio mkononi mwake. Haleluya."

Ndivyo nilivyosema. Kwaya iliitika. Mama Sulochana, aliyekuwa amekaa mbele na sari aliyoivaa arusini kwa binti yake, alipiga makofi kanisani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba sisi hatupigi.

Nifunge kwa jambo ambalo sikulisema madhabahuni kwa sababu lilitokea leo asubuhi. Mama Eliona alikwenda kukata majani. Alifunga mzigo wake, akaubeba hadi zizini, akavuta kamba ili ushuke. Haukushuka. Akavuta tena. Tulimkuta amesimama mbele ya ng'ombe, mzigo kichwani, shingo imenyooka, ng'ombe wanamtazama, anaita Loveness alete panga. Alikuwa amelifunga lile fundo la nne, bila kufikiri, macho yakiwa kwingine, kama ulivyotufundisha.

Loveness alipokata kamba, majani yakawamwagikia wote wawili. Eliona akajipangusa, akaniambia, "Mwandikie Fredy. Mwambie mkono wangu umesahau kushusha."

Mama yako,
Ruth